Jina Lililolipiwa

Mtu akiniuliza kama serikali ifute ada za mitihani, namjibu ifute, halafu namuuliza habari za nyumbani kwake. Sipendi mjadala huo urefuke. Siku moja ofisini kwetu ulirefuka mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema mzazi akichangia kidogo anaithamini elimu, mwingine akasema karatasi ya mtihani si mfuko wa saruji hata mtu auziwe. Mwishowe wakanigeukia, wakaniita kwa jina la dada yangu kama wanavyoniita siku zote, wakauliza mbona niko kimya. Nikasema chai imepoa.

Jina la dada yangu ndilo lililo kwenye vyeti vyangu vyote. Karani hakukosea na mashine haikukosea. Nitaeleza ilivyokuwa, na kuhusu ada kila mtu ataamua mwenyewe.

Kwetu ni Ngara, upande wa Murukulazo. Dada alinizidi miaka miwili, lakini mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho aliugua muda mrefu, na dada akatolewa shuleni ili abebe mtoto. Aliporudi, darasa lake lilikuwa limeshasonga mbele. Akaletwa la kwangu, akakaa dawati langu, upande wa dirishani. Kuanzia siku ile mimi niliacha kufikiri, kwa kuwa mwenye kufikiri alikuwa amekaa ubavuni kwangu na mwandiko wake ulikuwa mkubwa.

Darasa la saba tulilifikia katika miaka ya wakimbizi. Kwanza walivuka watu, siku nyingi mfululizo, na magodoro na mbuzi na masufuria. Halafu yakaja magari meupe. Halafu zikaja bei. Maharage yalipanda, kuni zikawa mbali, na sokoni yakaonekana mahindi ya njano ambayo baba aliyageuzageuza kiganjani, akasema yana homa ya manjano. Tuliyala hata hivyo. Lugha ya wale waliovuka tuliielewa bila mkalimani, maana Kihangaza chetu na Kirundi ni majirani wanaoazimana chumvi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyezaliwa na kuzeeka palepale, alijiandikisha kambini kuwa ametoka ng'ambo. Akapewa kadi ya mgao, na kila siku ya mgao alikuwa anakimbia nchi yake asubuhi na kurejea jioni na mafuta ya kupikia.

Mwalimu wetu wa hesabu naye alikwenda kambini, kuhesabu magunia ghalani. Walimlipa vizuri kuliko alivyolipwa kutuhesabisha sisi. Mwalimu mkuu akatuambia tusubiri, mwingine analetwa. Tulisubiri mpaka mahindi yakakomaa. Asubuhi moja akaingia darasani, akatutazama, akampa dada yangu chaki, akatoka. Basi darasa la saba likawa linafundishwa hesabu na mwanafunzi wa darasa la saba. Alifundisha vizuri, na alikuwa mkali. Mimi alinipiga kwa rula mara mbili na nyumbani hakuomba radhi.

Ndipo likasomwa mstarini tangazo la ada ya mtihani. Kila mtahiniwa alete yake, na asiyeleta kufikia siku iliyotajwa jina lake halitapelekwa wilayani. Nyumba nyingi kwetu hazikuwa na mtahiniwa hata mmoja. Yetu ilikuwa na wawili, na baba aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa na mkunga kwamba ni mapacha.

"Kambini watoto wanasoma bure," alimwambia mama. "Madaftari bure, kalamu bure. Ukitaka kusoma bure katika wilaya hii lazima kwanza ukimbie."

"Ukimbilie wapi?" mama akamuuliza. "Uko mpakani tayari."

Nafikiri baba alilipima kidogo wazo la kutuandikisha kule. Aliliacha aliposikia wanafundishwa Kifaransa. Akaamua kupika pombe ya ndizi, urwagwa, maana sokoni kambini kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja, na wengi wao walikuwa na mambo ya kusahau.

Alikata mikungu yote iliyokuwa tayari na michache ambayo haikuwa tayari. Akaivisha ndizi shimoni, akazikanyaga kwa majani ndani ya mtumbwi wa kukamulia, akatia mtama uliokaangwa, akafunika. Hesabu yake ilikuwa madumu manne. Mawili yalikuwa ada yangu na ada ya dada. La tatu lilikuwa chumvi, sabuni na mpira wa baiskeli. La nne lilikuwa la majirani, kwa kuwa kwetu pombe ikifunguliwa jirani hanyimwi. Aliye uani siku hiyo anakunywa, na mwenye nyumba anayeuza yote bila kuwaonjesha watu anasemwa mpaka kwenye mazishi yake. Ili dumu la majirani lisizidi kuwa moja, baba alipanga kufungua asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa mashambani. Ulikuwa mpango mzuri. Sisi tulizuiwa kwenda shule ili tusaidie kuchuja.

Pombe ilikuwa ndiyo kwanza imefunuliwa tuliposikia hodi. Alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa ameanza kuwatembelea nyumbani wazazi ambao hawajalipa, na kwa mpangilio wa daftari lake sisi tulikuwa wa kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwarimu. Karibu, karibu sana. Ingia."

Akaegemeza baiskeli ukutani, akaletewa kiti. Sasa fikiria mahali walipofika watu hawa wawili. Mwalimu alikuwa amekuja kudai ada. Baba alikuwa na ada, ila bado ilikuwa majimaji. Asingeweza kuzungumza mambo ya fedha na mgeni mwenye koo kavu, tena mbele ya mtumbwi ambao harufu yake ilifika barabarani. Na mwalimu asingeweza kukataa, maana kukataa mrija wa mtu ni kumwambia hadharani kwamba ni mchawi. Baba akanywa kwanza, ili ionekane haina kitu. Akamkabidhi mwalimu mrija. Mwalimu akasema atakunywa kidogo tu.

Kilichotuponza ni ile baiskeli. Kijijini kwetu hakukuwa na mtu asiyeijua baiskeli ya mwalimu mkuu, na kuiona imeegemea ukuta wetu asubuhi, na harufu ile, kulitosha kuwa tangazo. Wa kwanza kuja alikuwa yule mzee mwenye kadi ya mgao, akasema amekuja kumsalimia mwalimu. Wa pili alikuja kumsalimia yule mzee. Kufikia saa sita walikuwa kumi na mmoja, majembe yao yamelazwa kwenye uzio. Walizungumza kuhusu elimu. Walizungumza kwa kirefu, na kwa heshima, na wote walikubaliana kwamba mtoto asiposoma siku hizi amekwisha. Mzee wa kadi alisema hata machozi yanamtoka. Baba aliongeza chungu cha pili, kisha cha tatu, kwa uso wa mtu anayeuguliwa. Mimi na dada tulikuwa tunachuja na kubeba, kuchuja na kubeba, na kila chungu kilichopita dada alikuwa akinitazama.

Dumu moja lilipona, na lilipona kwa sababu ya mama. Alikuwa amelifunika kwa kitenge mapema, akalikalia, akawa anapukuchua maharage. Wageni walipomwita aje kunywa alijibu mgongo unamuuma. Alikaa juu ya dumu lile tangu asubuhi mpaka mgeni wa mwisho alipoaga.

Mwalimu mkuu aliondoka katikati yao, akiikokota baiskeli badala ya kuipanda. Langoni akamshika baba mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, lile jambo letu usilisahau."

"Nitalisahauje, mwarimu," baba akasema.

Kesho yake baba alifunga dumu lile kwenye baiskeli akaenda kambini, akarudi na fedha ya mtahiniwa mmoja. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa inayofuata.

Asubuhi hiyo alituita wote wawili. Alikuwa ameinama kwenye baiskeli, anapaka mnyororo mafuta ya kupikia ya mgao. Fedha ilikuwa imefungwa fundo kwenye kipande cha kanga. Alitunyooshea bila kuinua kichwa.

"Mpelekeeni mwarimu," alisema.

Hakusema ya nani. Nilisubiri aseme, na dada naye nadhani alisubiri, lakini baba aliendelea na mnyororo, pingili moja baada ya nyingine. Dada akachukua lile fundo, akaangalia sketi yake, akanipa mimi. Mfuko wa sketi yake ulikuwa umetoboka na wangu ulikuwa mzima. Hiyo ndiyo sababu, hapakuwa na nyingine.

Kutoka kwetu mpaka shuleni ni mwendo wa saa nzima. Njia nzima dada aliniuliza asilimia. Kumi na mbili na nusu kwa mia ni sehemu gani? Moja ya nane. Thelathini na saba na nusu? Nikahesabu vidole. Akasema tatu ya nane, kumbuka tatu ya nane. Nilijua kwamba yeye ndiye atakayefaulu. Darasa zima lilijua, mwalimu mkuu alijua, hata mzee wa kadi alijua. Mtu yeyote mwenye akili zake angelipa kwa jina la dada. Nilijua pia kwamba sitaki kubaki nyumbani, kwamba nikibaki nitafunga kanga, nitabeba mtoto, nitachuja pombe, na siku moja mtu atakuja kuniposa nikiwa na mikono yenye harufu ya ndizi. Niliogopa sana. Naliandika neno hilo kama lilivyo kwa sababu sijapata jingine.

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini na daftari lake na kitabu cha stakabadhi. Nilifungua fundo nikaweka fedha mezani. Dada alikuwa nyuma yangu, mlangoni. Mwalimu akahesabu, akachomoa kalamu. Alitujua wote wawili. Alikuwa amempa dada chaki kwa mkono wake, na siku mbili nyuma alikuwa amekunywa ada ya mmoja wetu kwa mrija. Ila fomu ilikuwa na nafasi ya jina, na nafasi ikiwepo lazima uulize.

"Jina?" akasema, macho kwenye kitabu.

Nikataja langu.

Aliandika. Kalamu yake ilisita mara moja, akainua macho, akamtazama dada juu ya bega langu.  Dada akaomba chaki, akapewa mbili, akaenda darasani akatufundisha asilimia mpaka kengele ya mapumziko. Aliniuliza swali moja nikakosa. Akanirekebisha taratibu, na siku hiyo hakushika rula.

Jioni baba aliuliza kama mwalimu amepokea. Dada aliwahi kujibu kabla yangu. "Amepokea." Baba hakuuliza zaidi, siku ile wala nyingine. Nilimchukia kidogo kwa kutouliza, na bado namchukia kidogo. Kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya chuki hiyo ni yangu mwenyewe na siwezi kumgawia.

Siku ya mtihani dada alinichongea penseli mbili kwa wembe wa baba, akanisindikiza mpaka kwenye uzio wa shule, akaendelea shambani. Mimi nikaingia nikaufanya mtihani. Swali la asilimia lilikuwepo. Matokeo yalipokuja yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na darasani kwetu walikuwa wamechaguliwa wawili. Wote wawili walimshukuru dada kwa hesabu. Mimi nilikuwa nimefeli.

Ningependa kusema kwamba nililia. Nilikwenda kuchota maji.

Mwaka uliofuata dada aliposwa, kwa watu wa Nyakahura kule Biharamulo, wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wengi. Mwanamume alikuwa mpole, na sina neno baya juu yake. Ng'ombe wa mahari walikuja wakitembea, siku kadhaa njiani, na mmoja wao baba alikuwa ameshampangia kazi. Alitaka nirudie darasa la saba. Akaenda kwa mwalimu mkuu, safari hii bila pombe, na mimi nikiwa nyuma yake.

Mwalimu alisema sheria hairuhusu. Aliyekwisha kufanya mtihani hafanyi tena. Baba akakaa kimya, naye baba akikaa kimya huwa haondoki. Mwalimu akafungua daftari la mwaka uliopita, akapitisha kidole kwenye majina, kikasimama.

"Hili halijafanya mtihani," alisema. "Jina lipo, mtoto hayupo. Huyu mtoto yupo, ila jina lake limeshatumika."

Tukamwelewa. Wakati ule lilikuwa jambo la kawaida, na kila shule niliyopita baadaye nilikuta watu wanaoitwa majina ya watu wengine. Ila wengi wao walipewa jina la mtoto aliyehama au aliyefariki. Mimi jina langu jipya lilikuwa nyumbani, linafunga mizigo yake ya arusi.

Nilimkuta anakunja mashuka. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Dada, wanataka nitumie jina lako."

Aliendelea kukunja. Alimaliza shuka moja, akachukua la pili, akalinganisha pembe.

"Litumie," akasema. "Ila usilifelishe."

Ng'ombe aliuzwa. Nililipiwa wiki ya kwanza, kabla ya wanafunzi wote. Nilijifunza kugeuka nikiitwa jina la dada, na mwaka ule nilisoma kama mtu anayelinda mali ya mwenzake. Sikulifelisha. Liliniingiza sekondari, likaniingiza chuoni, likaniingiza ofisini. Siku ya arusi yangu padri alisoma jina la ubatizo, na wafanyakazi wenzangu waliokuwa viti vya nyuma waliinuka kimyakimya wakidhani wamekosea kanisa. Mama akiwa hai alipiga simu ofisini akaniulizia kwa jina langu. Akajibiwa hapa hakuna mtu wa namna hiyo, akanililia siku mbili.

Jina langu la kwanza, lile lililofeli, dada alimpa mtoto wake wa kike. Hakuniambia kwa nini. Nilipouliza alisema ni jina zuri na lilikuwa limekaa tu.

Binti huyo alipofika kidato cha nne, dada alinipigia. Mvua ilikuwa imewanyima, ng'ombe wawili walikuwa wamekufa, na shule ilikuwa inataka ada ya mtihani. Alisema haombi, ananijulisha tu. Ningeweza kumtumia kwa simu. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda gari kwenda Nyakahura, nikaenda mwenyewe mpaka shuleni kwao.

Karani alikuwa kijana mwenye haraka. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa kidogo na nafasi zake finyu, mtu alitosha kwa jina moja tu.

"Jina la mwanafunzi?"

Nikataja langu. Safari hii nililitaja kwa sauti ndogo. Karani hakunisikia, akarudia swali, nami nikalitaja tena.

"Na mlipaji?"

Nikampa kitambulisho changu cha kazi, chenye jina la dada, akanakili.

Dada nilimkuta zizini. Amekonda, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Tulisalimiana, nikampa karatasi. Aliisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wetu, akausoma mstari wa juu, kisha wa chini. Akarudi juu. Kwa mwandiko wa karani yule, yeye alikuwa amenilipia mimi ada ya mtihani, kamili, na mhuri umegongwa.

"Kumbe mimi ndiye niliyekulipia," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kulizungumza jambo lile. Aliikunja stakabadhi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akachukua kibuyu akaenda kukamua.